Kitabu Gani kwa Mtoto wa Umri Gani?



Mwezi huu tuache kidogo habari za malaria na kuhara, tuongee juu ya vitabu vya watoto wetu. Pengine mtasema muuguzi ameingilia kazi ya mwalimu. Lakini kliniki hatumpimi mtoto uzito na kumchanja tu. Tunatazama pia kama anageuka akisikia sauti, kama anafuata kitu kwa macho, kama ameanza kutamka maneno. Mtoto anayesemeshwa na kusomewa huyapata maneno kwa urahisi zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwamba mtoto asiyetimiza miaka 2 asitazamishwe televisheni wala simu, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Anapokuwa ametulia, asomewe na asimuliwe hadithi. Serikali yetu nayo, katika programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa mwaka 2021, imeweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya na lishe.

Hapa kwetu Chanzuru lipo na jambo jingine. Katika nyumba nyingi za wilaya yetu mtoto hukua akisikia Kikaguru, Kisagara au Kimasai, na hilo ni jema. Hadithi za bibi kwa lugha ya nyumbani zisiachwe kamwe. Ila Kiswahili cha kitabuni kisiwe kitu anachokutana nacho kwa mara ya kwanza siku anapokalia dawati.

Tangu kuzaliwa hadi miaka 2

Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka titi hadi uso wa mama. Kitabu chake kiwe na picha moja kubwa kila ukurasa, yenye rangi zinazotofautiana waziwazi. Kuanzia miezi 6 hivi kila anachoshika hukipeleka mdomoni, na kitabu hakisalimiki. Basi kiwe cha karatasi ngumu au cha kitambaa. Kikague kwanza: pini za chuma zilizolegea, vifungo au shanga zilizoshonwa kama pambo, vyote hivyo vinaweza kumkaba mtoto.

Vitabu vya namna hii ni ghali, na madukani Kilosa si rahisi kuvipata. Mama ashone mwenyewe. Chukua khanga iliyochakaa, ifue, kata vipande vya mraba, tarizi kuku, kikombe na embe kwa uzi wa rangi, kisha viunganishe upande mmoja. Kikichafuka kinafuliwa. Mimi nakiona kitabu hicho kuwa bora kuliko vingi vya dukani, maana kuku aliyemo ni yule yule anayepita mlangoni.

Miaka 3 hadi 6

Mtoto wa umri huu hutaka hadithi ile ile kila jioni. Wazazi msichoke, kwa sababu ni katika kurudia ndipo maneno yanapokaa. Chagueni kitabu chenye sentensi fupi, zinazorudiwarudiwa, na picha za vitu anavyovifahamu: jembe, treni, shamba la mkonge, tembo. Sisemi asioneshwe theluji. Aioneshwe, lakini isiwe theluji tupu hadi adhani vitabu ni mali ya watoto wa nchi nyingine.

Zamani vitabu vya Kiswahili vya umri huu vilikuwa adimu mno. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi ulinunua sehemu ya nakala na kuzipeleka katika shule za msingi, na wachapishaji wetu wakapata moyo wa kuendelea. Leo mzazi mwenye simu ya intaneti anaweza kusoma bure hadithi za Kiswahili za African Storybook. Azisome yeye, kisha aweke simu mfukoni na kumsimulia mtoto kwa mdomo.

Mnaposoma, msimfanyie mtoto mtihani. "Huyu ni nani?" humaliza mazungumzo kwa neno moja. "Unadhani fisi atafanya nini sasa?" humfungulia mtoto kinywa. (Akina baba, na ninyi mnaweza. Kusoma hadithi hakupunguzi heshima ya mtu.)

Kuna faida nyingine ambayo sisi wa hospitali tunaipenda. Mtoto akiwa mapajani na kitabu, mzazi huona dalili zinazojificha. Je, anasogeza ukurasa hadi puani? Je, jioni anapapasa, wakati wenzake bado wanaona? Hii inaweza kuwa ishara ya upungufu wa vitamini A, ambayo matone yake hutolewa kila baada ya miezi 6, kuanzia miezi 6 hadi mtoto akaribie miaka 5. Je, mboni ya jicho inang'aa nyeupe kama jicho la paka gizani? Huyo apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, maana huenda ni saratani ya jicho, nayo hutibika ikiwahiwa. Na anayekusikia pale tu anapokutazama mdomo, au aliyefika miezi 18 bila kutamka neno hata moja, apimwe masikio.

Miaka 7 hadi 10

Sasa anasoma mwenyewe. Kujua kama kitabu kinamfaa, fungua ukurasa mmoja, asome kwa sauti, na kwa kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu ni kigumu. Kisitupwe, msomeeni ninyi kwa sasa. Asisomee kwenye kibatari, kwa ajili ya moshi na hatari ya moto. Taa ndogo ya jua ni nafuu kwa mapafu.

Wanaoelekea ujana

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoacha kuchagua, na hapa ndipo penye hatari. Msichana aeleweshwe hedhi kabla haijaanza. Kitabu kizuri humwondolea hofu, na humpa mama mahali pa kuanzia mazungumzo. Najua wako wanaosema vitabu hivyo hufundisha uzinzi. Mimi nimewapokea wodi ya wazazi wasichana wenye umri wa kucheza rede, na wengine hawakujua hata mimba hutungwaje. Kutojua hakukuwalinda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, unataka watoto, kadiri wanavyokua, wapewe mafundisho mema na ya busara juu ya jinsia. Soma wewe kwanza kitabu chote. Kikieleza mwili kwa ukweli na kwa heshima, mpe. Kikifanya mwili mzaha au biashara, kirudishe.

Kisha tazama mwaka kilipochapwa. Vitabu vingi vya miaka ya 1990 vilieleza UKIMWI kwa picha ya mgonjwa aliyekonda na kaburi pembeni, na kwa wakati ule ndivyo tulivyoshuhudia. Lakini tangu mwaka 2004 dawa za ARV zinatolewa bure nchini, na anayezimeza kila siku huishi miaka mingi, hufanya kazi, huoa, huzaa watoto wasio na virusi. Namkumbuka kijana aliyezaliwa na virusi, mwenye afya nzuri, aliyesoma kitabu kimoja cha zamani akaacha dawa kwa miezi kadhaa. "Imeandikwa nitakufa tu," aliniambia. Tulimrudisha kwenye dawa kwa shida. Kitabu cha afya kilichopitwa na wakati kiondolewe rafuni, hata kama kilitolewa zawadi.

Kwa burudani, wa miaka 12 na kuendelea wanaweza kusoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, habari ya ndugu wenye husuda waliogeuzwa manyani. Kiswahili chake ni kizito kidogo. Watahitaji mtu mzima wa kuwafafanulia.

Asiyeweza kununua, jumuiya ndogo ndogo inaweza kuchanga na kununua vitabu vichache kwa mwaka, vizunguke nyumba kwa nyumba. Achaguliwe mama mmoja wa kuandika nani amechukua nini. Vitabu vikae ndani ya debe lenye mfuniko, juu ya kichanja, panya na maji ya masika visivifikie. Na watoto wanawe mikono kabla ya kuvishika, hasa wakitoka kula embe.