Somo la Wiki: Ligi ya Pamoja

Leo tuna maneno mawili ya mpira. Kupanda daraja ni kuingia ligi ya juu. Kushuka daraja ni kurudi ligi ya chini.

Uholanzi na Ubelgiji ni majirani. Timu zao kubwa, kama Ajax na Club Brugge, hupata fedha chache za televisheni kuliko timu kubwa za Uingereza. Ndiyo maana mwaka 2021 klabu za Ubelgiji ziliunga mkono wazo la ligi moja na Uholanzi. Wanawake walitangulia: ligi yao ya pamoja ilianza 2012, ikavunjwa 2015.

Ligi kama hiyo italeta mechi ngumu na watazamaji wengi. Lakini timu ya mji mdogo je? Isipoweza kupanda daraja, watoto wa mji ule watakuwa watazamaji tu. Mimi nasema: waungane, ila mlango wa kupanda na kushuka ubaki wazi.

Zoezi: Nyumbani, mmoja aunge mkono, mwingine apinge. Anzeni hivi: “Naunga mkono kwa sababu…” au “Napinga kwa sababu…”

Wazazi, mtoto akikwama, mpeni neno la Kiswahili, kisha mwacheni amalizie mwenyewe.