Hasira za Mzazi: Tabia au Ugonjwa?

Mtu mzima anayeishi na mzazi mwenye hasira za ghafla, iwe Mbagala au Bunju, aghalabu hunyamaza akidhani ni uzee. Mhudumu wa afya amuulize kwanza: ukali huu ulianza lini? Mzazi mpole aliyebadilika ndani ya saa au siku chache huenda ni mgonjwa. Kwa anayetumia dawa za kisukari, ukali wenye jasho na kutetemeka huweza kuashiria sukari kushuka. Akiweza kumeza, apewe kinywaji chenye sukari, kisha apelekwe hospitali. Hasira za miaka mingi ni jambo jingine: mtoto asibishane, aondoke kwa heshima, arudi mzazi akishatulia. Kumheshimu mzazi si kuvumilia kipigo.