Skripti Ndogo Kutoka Kagarama: Mafunzo Niliyopata

Naishi Kagarama, upande wa Rukatsa, wilayani Kicukiro. Mchana natunza hesabu za bohari ya vifaa vya ujenzi. Usiku, watoto wakishalala, naandika skripti: kurasa ndogo za wavuti zenye kazi moja tu, zinazofunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote. Sijasomea fani hii wala sina mpango wa kuifanya biashara. Nikimaliza moja, naituma kwa WhatsApp kwa aliyeiomba, na msimbo wake naupandisha GitHub kwa atakayetaka kuuchungulia. Kuna mambo yamenikaa kichwani tangu nianze.

1. Anza na swali ambalo mtu ameliuliza kwa mdomo wake

Skripti yangu inayotumika kuliko zote hujibu swali moja: Jumamosi hii ni ya Umuganda? Asiyeishi Rwanda huenda asione uzito wake. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, watu hutoka kufanya kazi ya pamoja mtaani, maduka hufungwa na usafiri hupungua. Fundi anayetoka Bugesera kuja kumwaga zege anataka kujua kabla ya kukubali kazi. Familia inayopanga kwenda kuposa nayo inataka kujua.

Hesabu yenyewe ni mistari michache. JavaScript ina ujanja mmoja: ukiiomba siku ya 0 ya mwezi ujao, inakupa siku ya mwisho ya mwezi huu. Kutoka hapo unarudi nyuma mpaka ugonge Jumamosi. Kinachosumbua ni kwamba katika lugha hiyo Januari ni mwezi wa 0 na Desemba ni wa 11. Brendan Eich aliandika toleo la kwanza kwa siku 10, Mei 1995, akitakiwa aifananishe na Java, na ile hesabu ya miezi ikaja na mzigo huo. Miaka thelathini baadaye, mimi huku Rukatsa bado nalipa deni lile kila ninapogusa tarehe.

Baadaye niliongeza Jumapili zisizo na magari, ya kwanza na ya tatu ya mwezi, ambazo Kigali ilizianza mwaka 2016. Niliongeza kwa sababu jirani mwenye teksi aliuliza. Skripti nyingine nilizobuni mwenyewe nikidhani zitapendwa, ikiwemo moja ya kupanga rangi za kuta, hazikuwahi kufunguliwa na mtu zaidi ya mke wangu, naye kwa huruma.

2. Jiulize "leo" ni ya nani

Rwanda iko saa mbili mbele ya saa ya kimataifa, ile ya UTC. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele. Sasa, JavaScript ina amri maarufu ya kuandika tarehe, toISOString, na watu huinakili kila mahali bila kukumbuka kwamba inatoa tarehe ya UTC. Matokeo yake ni haya: kati ya saa sita na saa nane usiku, mtu wa Kigali akiiuliza leo ni tarehe ngapi, anaambiwa ya jana. Mwandishi wa mchana hawezi kuliona hilo. Sisi wa usiku wa manane tunaliona, na hiyo ndiyo faida pekee ya kulala kwa kuchelewa ninayoweza kuitetea mbele ya mama watoto.

Dawa ni kuitajia skripti kanda yako waziwazi: Africa/Kigali. Usiiache ikisie kutoka kwenye simu, maana simu ya aliyetoka Dar es Salaam jana huenda bado inaishi Dar es Salaam.

Kanda ikitajwa waziwazi, ni rahisi mwingine kuibadilisha, na hapo ndipo niliposhukuru kuweka leseni ya MIT, aya chache zinazomruhusu yeyote kutumia na kubadilisha msimbo mradi asifute jina la mwenyewe. Kijana mmoja wa Mwanza aliuchukua ule wa Umuganda bila kuniandikia hata salamu. Alibadilisha kanda ya saa na maneno ya skrini. Hesabu hakuigusa, kwa sababu Tanzania nayo imeifanya Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa siku ya usafi wa mazingira.

3. Vya kuazima viwe vichache

Tarehe 22 Machi 2016, mwandishi wa programu Azer Koçulu, baada ya kuvutana na wasimamizi wa npm, ghala ambako waandishi wa JavaScript huazimana vifurushi vya msimbo, kuhusu jina la kifurushi chake kimoja, aliondoa vyote alivyokuwa amevigawa humo. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 na kazi ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Programu kubwa duniani zikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa, kwa sababu zilikitegemea, au zilitegemea kitu kinachokitegemea.

Mimi nahitaji kazi ileile, 7 iwe 07. Tangu 2017 JavaScript ina amri yake yenyewe kwa hilo. Kila skripti yangu ni faili moja, haiiti chochote kutoka nje. Anayeipokea akiishiwa bando, inafanya kazi vilevile.

4. Usiombe usichokihitaji

Namba ya kitambulisho cha taifa hapa ina tarakimu 16, nazo si za kubahatisha: mwaka wako wa kuzaliwa umo, na jinsia yako pia. Mtu akinitaka nitengeneze fomu ya kuandikisha waalikwa wa harusi yenye sehemu ya namba hiyo, namuuliza ataifanyia nini. Hajawahi kutokea mwenye jibu. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu Oktoba 2021, lakini hata isingekuwepo, sitaki orodha ya aina hiyo izunguke kwenye simu za wanakamati.

Namba ya simu naikubali, ila naihifadhi kama maandishi. Ukiihifadhi kama namba ya hesabu, ile 0 ya mwanzo wa 078 inapotea.

Na fomu isilazimishe jina la ukoo. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hapa kwetu huwa na majina tofauti kabisa, kila mtoto na lake. Fomu iliyoigwa kutoka Ulaya inawageuza kuwa wageni wasiojuana.

5. Mwezi una wenyewe

Nimekulia Biryogo, kwenye misikiti na Kiswahili, kwa hiyo nilipoandika skripti ya sikukuu nilijua swali la Idd litafika. Ijumaa Kuu inakokotoleka: kanuni zake zina karne nyingi, unaingiza mwaka na tarehe inatoka. Hata Idd vivinjari vinajifanya vinaijua, maana vimebeba kalenda ya Umm al-Qura ya Saudia ndani yake. Tatizo ni kwamba Waislamu wa Kigali hawafungui saumu kwa kutazama kivinjari. Wanasubiri mwezi uandame na jumuiya yao itangaze.

Kwa hiyo skripti hiyo huonyesha tarehe ya Idd ikiwa na neno "inatarajiwa" pembeni. Tangazo likitoka, naandika tarehe kwa mkono na kulifuta neno lile. Rafiki yangu anayeijua kazi hii kuliko mimi anaiona njia hiyo ni ya kizamani. Mwambie basi aulize mwezi.

6. Faranga sita

Ikimina cha mtaani kwetu, kile ambacho Dar wangekiita kikoba na Nairobi wakakiita chama, kiliniomba skripti ya kugawa akiba ya mwisho wa mwaka. Chukua mfano wa faranga 1,000,000 kwa wanachama 23, kila mtu sawa. Kikokotoo kinasema 43,478.26. Senti za faranga ya Rwanda hazitumiki, basi unakata: 43,478 kwa kila mtu, na zinabaki faranga 6. Wakilipana kwa MoMo, yaani pesa za simu, hiyo inawezekana, ingawa ada ya kutuma inabidi ipate wa kuilipa. Wakilipana mkononi, nani atatafutiwa faranga 8? Ukikata hadi mia, kila mmoja anapata 43,400 na zinabaki 1,800. Hizo tayari zina wenye kuzitamani.

Ningeweza kuamua peke yangu kwa mstari mmoja, kupandisha juu au kukata chini, na wasingejua. Nilipeleka swali kwenye kikao. Walijadili kwa muda mrefu kuliko walivyojadili milioni yenyewe, kisha wakaafikiana: masalio yaingie mfuko wa kusaidiana, ule wa wagonjwa na misiba. Skripti sasa inaandika masalio kwenye mstari wake wa peke yake, chini ya majina yote, ili kila mtu ayaone.

Mama mhazini bado anaandika kila kitu kwenye daftari lake, kisha analinganisha na skripti, na anaiamini skripti pale tu inapokubaliana na daftari. Sina ubishi naye. Wanachama vijana walitaka niongeze hesabu ya faini kwa wanaochelewa kuchanga, itozwe yenyewe ikifika saa kumi na mbili jioni ya siku ya kikao. Nilimuuliza mama. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo simu yako inajua nani amezika wiki hii?"

Skripti haina kitufe cha faini. Vijana wameniomba tena, nami nimewaelekeza kwa mama mhazini.