Tone la Dawa Likaukapo Juu ya Jani

Mkulima wa kahawa aliyenyunyiza dawa ya shaba huona, majani yakisha kukauka, alama za buluu mfano wa pete: ukingoni dawa ni nzito, katikati karibu hakuna kitu. Wengine husema dawa ilikorogwa vibaya. Mara nyingi sivyo.

Twaa kipande cha kioo safi, udondoshe tone moja la maji ya udongo (au la kahawa nyeusi, ni mamoja), ukiache mahali pasipo upepo. Ukingo wa tone hushikamana na kioo, hausogei. Hapo ukingoni maji hugeuka mvuke upesi kuliko katikati. Basi maji ya katikati hutiririka kwenda kujaza pengo, nayo hubeba chembe. Maji huenda zake hewani, chembe hubaki. Jambo hili laonekana kila siku mezani, lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walilieleza sawasawa mwaka 1997.

Chumvi ina desturi yake. Gramu 100 za maji huyeyusha gramu 36 hivi za chumvi, si zaidi. Maji yakipungua, ile iliyozidi hugeuka fuwele za pembe nne.

Sasa turudi shambani. Shaba hulinda pale ilipokaa tu. Mbegu za kuvu zikiangukia katikati ya pete zimepata mlango. Nyunyiza matone madogo yaliyo karibu karibu, usifikishe kuchuruzika. Nyunyiza na chini ya jani, maana kutu ya kahawa huingilia huko.