Kuvu Ninayoizika na Marakuja

Marakuja ya zambarau yakianza kulegea upande mmoja, majirani wengi hapa Bunia huongeza maji. Mimi huchukua kisu, nikapasua shina karibu na udongo. Nikikuta mishipa ya ndani imegeuka kahawia, najua ni kuvu ya fuzariamu, basi mmea unang'olewa na kuchomwa. Anayekuuzia chupa ya kuuponya anakula pesa yako bure.

Fuzariamu huishi udongoni miaka na miaka hata pasipo marakuja. Ndiyo maana naanza kupambana nayo kabla ya kupanda, kwa trikoderma, kuvu nyingine ya udongoni. Richard Weindling alieleza mwaka 1932 jinsi trikoderma inavyoshambulia kuvu wenzake: hujizungusha kwenye nyuzi zao na kuziyeyusha. Ila mimi naithamini zaidi kwa kuwahi nafasi. Ikishatanda kwenye mizizi michanga, mgeni anakuta viti vimejaa.

Unga wake unauzwa Kenya. Ni kiumbe hai, kwa hiyo kabla ya bei uliza tarehe ya mwisho, na usikubali pakiti iliyopigwa jua kwenye lori.

Kilo 1 ya unga naichanganya na kilo 100 hivi za samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa na kupoa. Samadi mbichi ina moto. Rundo nalilaza kivulini, lenye unyevu kama udongo wa baada ya manyunyu, nalifunika majani ya migomba kwa wiki moja au mbili, huku nikiligeuza. Weupe hutangulia, kisha ukijani. Weusi ukitawala, nalitupa mbali na shamba. Funika pua unapoligeuza.

Kiganja kimoja cha samadi hiyo huingia kwenye kiriba cha mche, viganja kadhaa shimoni mvua za Machi zinapoanza, jioni, kwa sababu jua kali huiua trikoderma. Shimo lenyewe liwe juu ya tuta. Maji yakituama mizizi huoza tu.

Sasa pompi, kwa anayenyunyizia trikoderma kwa maji. Ile uliyonyunyizia nyanya mankozebu usiitumie hapa kabla ya kuiosha vizuri, maana dawa ya kuua kuvu inaweza kuidhuru trikoderma pia.

Palipokwisha kufa marakuja, trikoderma peke yake siitegemei. Hapo nabebesha marakuja ya zambarau juu ya shina la marakuja ya njano, linalostahimili fuzariamu, na samadi ile ile naiweka. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kikiisha, naongeza nyingine kuzunguka shina.