Padre Alban Butler na Maisha ya Watakatifu

Padre Alban Butler, mwenye jina la shahidi wa kwanza wa Uingereza, alizaliwa nchini humo mwaka 1710, wakati sheria zilipowakataza Wakatoliki kuwa na shule zao. Kwa hiyo alisomea ng'ambo, mjini Douai, Ufaransa, akapewa upadre mwaka 1735. Kwa miaka ipatayo 30 alichungua maandiko ya kale, akitenga yenye ushahidi na masimulizi matupu. Kitabu chake cha maisha ya Watakatifu kilitolewa London, 1756 hadi 1759.

Twajifunza nini? Mtakatifu hahitaji kupambwa kwa uongo. Enyi wazazi, watoto wenu hupewa majina ya Watakatifu katika Ubatizo. Je, wazijua habari zao? Wasimulieni, lakini yaliyo kweli. Maana mtoto aliyedanganywa katika dogo atalishuku hata lililo kubwa.