Kulala garini kando ya Kivu, mvua ikinyesha

Minibasi au Jeep yenye viti vinavyolala, godoro juu yake, tayari ni nyumba ya safari. Barabara ya Taifa namba 2 hutoka Bukavu, ikapita Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe na Minova, kisha Sake na Goma. Ni kilomita kama 200, na kwa sehemu kubwa Ziwa Kivu liko mkono wako wa kulia, kisiwa cha Idjwi kikionekana ng'ambo. Wengi hungoja kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Mimi naipenda zaidi njia hii wakati wa mvua, vumbi likiwa limelala na milima imevaa kijani. Ila wakati huo swali la kwanza si utaona nini, ni utalala wapi.

Kabla ya yote, ulizia njia. Vita vilifika Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, na tangu hapo ramani peke yake haitoshi. Waulize madereva waliotoka Minova asubuhi hiyohiyo, si waliopita wiki jana. Wakisita, ahirisha. Mpaka wa Ruzizi ukiwa wazi unaweza kufuata ufuko wa Rwanda kwa lami, kupitia Nyamasheke na Karongi hadi Rubavu. Mashauri yanayofuata yanafaa huko pia.

Milima ya Kalehe inashuka ziwani kwa ukali, sehemu tambarare ni chache. Ndiyo maana dereva aliyechoka huvutwa na pale mto unapoingia ziwani: pana nafasi, maji ya kuosha vyombo yapo, soko liko karibu. Usilale hapo. Tambarare hiyo imeletwa na mto wenyewe, mawe na udongo wa mlimani uliomwagwa mafuriko baada ya mafuriko, na mto ukifura hurudi palepale. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, maji, mawe na matope yalivishukia vijiji vya Nyamukubi na Bushushu, hukohuko Kalehe. Waliokufa walizidi 400. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua ilikuwa imeua zaidi ya watu 120 upande wa Rwanda. Wengi wao hawakuwa na pa kuchagua. Wewe unayepita na gari unaweza kuchagua, kwa hiyo chagua.

Tafuta ua wa parokia au shule ulio juu ya mgongo wa kilima, uombe ruhusa kwa padri au mkuu wa shule, na umjulishe mkuu wa kijiji kwamba upo. Muulize mzee wa pale: "Papa, mwaka ule maji yalifika wapi?" Jibu lake lina uzito kuliko macho yako. Usiegeshe chini ya ukingo uliochimbwa, wala penye miti iliyoinama yote upande mmoja, kwani udongo wake unatembea. Mvua kubwa mara nyingi huja mchana, basi saa nane ikukute umeshaegesha. Usiku ukisikia mawe yakigongana mtoni, mafuriko yanakuja; kijito kikipungua ghafla mvua ikiendelea, kuna kitu kimeziba juu. Waamshe watu wote, pandeni pembeni kwa miguu, mbali na mto. Gari liache.

Ndani ya gari, mwiko mkubwa ni mbabula, jiko la makaa. Usiku wa huku una baridi na mkono unatamani moto, lakini makaa ndani ya gari lililofungwa huua watu wakiwa usingizini. Beba blanketi za kutosha. Pika nje, chini ya turubai lililofungwa kwenye keria ya juu na kuinamishwa ili maji yasijikusanye. Madirisha acha wazi vidole viwili, upande usiopigwa na upepo. Vinginevyo pumzi zenu zitalowesha godoro kabla hakujapambazuka. Asubuhi nunueni sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kwa wavuvi, mkaange, na bugali.

Ukifika Sake na Goma, hatari inabadilika. Kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkano kuna mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama chini kwa sababu ni nzito. Haionekani, na imeua watu na mifugo. Ukiona ndege au panya waliokufa ndani ya shimo, usishuke. Lala penye mwinuko, karibu na nyumba za watu, baada ya kuwauliza wenyeji.

Barabara ikikatika ukiwa Minova, subiri. Usipande boti iliyojaa kupita kiasi ili kuokoa siku: Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, Goma. Weka akiba ya chakula na mafuta ya siku mbili tangu unapoondoka Bukavu, na kusubiri hakutakuwa kazi.